Kwa Nini Antonio Gades Anasimama Tu?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko Tanga, nacheza kwenye kikundi cha ngoma na maigizo. Rafiki yangu alinipa filamu ya Kihispania inayoitwa Carmen, ya mwaka 1983. Nimeiangalia mara tatu. Watu wanasema yule Antonio Gades ni mmoja wa wachezaji wakubwa wa flamenko, ile densi ya Kihispania ya miguu, gitaa na makofi, waliowahi kutokea, lakini mimi naona muda mwingi amesimama, au anatembea. Wenzake wanapiga miguu mpaka sakafu inalia, yeye anainua mkono. Ni nani hasa, alitokea wapi, na ukubwa wake uko wapi? Au umri ulikuwa umeshamtupa mkono? Halafu sisi tunaotaka kusimulia hadithi kwa ngoma bila maneno, tunaweza kuchukua nini kwake?*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeiangalia mara tatu kabla ya kuuliza, na nimefurahi zaidi kwamba umeandika ulichokiona kwa macho yako, hukuandika ulichoambiwa. Na umeona sawasawa. Gades anasimama. Umri haukuwa umemtupa mkono: filamu ile ilipotoka alikuwa na miaka 46, na aliendelea kupanda jukwaani kwa miaka kadhaa baadaye. Ukitafuta filamu yake ya ujanani, alipokuwa na miaka 26, utamkuta anasimama vilevile. Kusimama huko ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Nitaanzia mbali kidogo, univumilie, kwa sababu bila kujua njaa aliyokulia huwezi kuuelewa ule mkono.

Jina alilopewa na wazazi ni Antonio Esteve Ródenas. Alizaliwa Novemba 1936 huko Elda, mji wa mafundi viatu katika mkoa wa Alicante, mashariki mwa Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa na miezi minne tu tangu viwake. Baba yake, fundi mwashi, alikwenda kupigana upande wa Jamhuri, na upande huo ukashindwa mwaka 1939. Familia ya mtu aliyeshindwa, chini ya utawala wa Jenerali Franco, haikuwa na pa kushika. Wakahamia Madrid. Mtoto akaacha shule akiwa na miaka 11 ili aingize chochote nyumbani. Alikuwa tarishi kwenye studio ya mpiga picha, kisha akafanya kazi kwenye gazeti moja kubwa la mjini. Alijaribu ndondi, alijaribu mbio za baiskeli, akajaribu hata kupigana na mafahali. Densi ilikuja kama kibarua kingine katika orodha hiyo. Baadaye, alipokuwa anajulikana dunia nzima, hakujidai kwamba aliitwa na sauti ya mbinguni. Alisema wazi kwamba aliingia kwenye densi kwa sababu ya njaa.

Nalisisitiza hilo kwa makusudi. Mtu aliyeingia kwenye kazi kwa ajili ya mkate huwa na heshima fulani kwa kazi ambayo mtu aliyeingia kwa ajili ya kupigiwa makofi hana. Gades alijiona mfanyakazi mpaka anakufa.

Mwaka 1952 alionwa na Pilar López, na hapo maisha yakageuka. Huyu mama ni lazima umjue. Alikuwa mchezaji mkubwa mwenye kikundi chake mwenyewe tangu 1946, na mikononi mwake walipita wanaume wengi walioibeba densi ya Hispania kwa miaka iliyofuata: Mario Maya, El Güito, na huyu kijana wa Elda. Ni Pilar aliyembatiza jina Gades. Ndilo jina ambalo Warumi wa kale waliuita mji wa Cádiz, bandari ya kusini ambayo watu wa flamenko huihesabu kama moja ya vitovu vyao. Kijana wa mashariki, asiye Mgitano (Wagitano ni Waroma wa Hispania), asiyezaliwa Andalusia, jimbo la kusini, akapewa jina la mji wa kusini, akalazimika kulistahili. Alikaa kwa Pilar kama miaka tisa.

Kuna uzi mwingine hapo ambao napenda uushike, maana tutaurudia. Dada yake Pilar, Encarnación López, aliyejulikana kama La Argentinita, alikuwa rafiki wa karibu wa mshairi Federico García Lorca. Mwaka 1931 walirekodi pamoja nyimbo za kale za Kihispania, yeye anaimba, Lorca yuko kwenye piano. Lorca aliuawa karibu na Granada Agosti 1936 na watu wa upande wa Franco, miezi mitatu kabla Gades hajazaliwa. Kwa hiyo kijana huyu aliingia katika nyumba ambamo Lorca alikuwa bado anakumbukwa kama mtu wa nyumbani, wakati nje jina lake lilitajwa kwa kunong'ona.

Kwa Pilar alijifunza kila aina ya densi ya nchi ile: za vijijini, za shule ya zamani inayochezwa na kastaneti, vibao vidogo vya kugonganishwa vidoleni, na flamenko yenyewe. Lakini alichosema siku zote kwamba amekipata kwake ni maadili ya kazi. Na kuna mzee mwingine aliyemwathiri, Vicente Escudero wa Valladolid, ambaye mwaka 1951 alitangaza kanuni kumi za densi ya mwanaume. Baadhi yake ni hizi: cheza kiume, cheza kwa kiasi, vifundo vya mikono vigeuke kutoka ndani kwenda nje, vidole vikiwa pamoja, nyonga zitulie, cheza ukiwa umekaa vizuri ardhini, viatu visiwekwe vyuma. Soma tena hizo kanuni kisha uiangalie Carmen mara ya nne. Nyonga zimetulia. Vidole viko pamoja. Hana haraka.

Sasa nikujibu swali lako kwa mwili, kwa sababu wewe ni mchezaji.

Mitindo mingi ya flamenko inazunguka mapigo 12. Katika ule unaoitwa solea, uzito unaangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Hesabu kwa sauti huku unapiga makofi: mara mbili unavuka mapigo matatu-matatu, halafu mara tatu unavuka mawili-mawili. Ninyi watu wa pwani mliocheza chakacha hamtapata taabu sana hapo. Mwili wenu tayari unajua kwamba mapigo sita yanaweza kugawika mara mbili au mara tatu, na kwamba raha iko kwenye kule kubadilika. Mzunguko huo ukishaanza hausimami. Mpiga gitaa anao, wapiga makofi wanao, mwimbaji anao, na wasikilizaji wanaojua wanao pia kwenye vidole vyao chini ya meza. Ndiyo maana mchezaji anaweza kusimama. Akikata kwenye pigo la 10 na kubaki kama nguzo, mapigo yaliyobaki yanaendelea kupita ndani yake, na kila mtu ukumbini anayahesabu pamoja naye. Asiyejua mzunguko, akisimama, amesimama tu. Anayeujua anakufanya ushike pumzi.

Gades alizoea kusema kwamba densi haimo katika hatua, imo kati ya hatua na hatua. Watu wengi hulirudia neno hilo kama pambo. Yeye alikuwa analieleza jambo la ufundi kabisa.

Densi aliyopenda kucheza peke yake ni farruka. Hiyo ina mapigo manne, ni nzito, na kwa desturi ni ya wanaume. Katika Carmen anaicheza usiku studioni. Mwangalie pale. Mguu mmoja unavutwa sakafuni taratibu kabla ya kisigino kushuka, na kisigino kikishuka hakirudii. Mikono inapanda kutoka kiunoni mpaka juu ya kichwa kwa njia ndefu kuliko zote, kama mtu anayepandisha tanga zito, na ikifika juu inabaki. Shingo ndefu, kidevu hakikuinuka kwa majivuno. Kisha inakuja mvua ya miguu, fupi sana, labda sekunde chache, halafu kimya. Kwa sababu amekunyima miguu kwa muda wote ule, zile sekunde chache zinakupiga kifuani. Angepiga dakika tano mfululizo ungekuwa umeshazoea dakika ya pili. Naomba uamini, wepesi wa miguu alikuwa nao. Mtu hakai miaka tisa kwa Pilar López bila miguu. Alichagua kuuweka akiba.

Baada ya kumwacha Pilar mwaka 1961 alikwenda Italia, akafanya kazi Roma, kwenye tamasha la Spoleto na kwenye jumba la opera la La Scala, Milano. Halafu ikaja filamu ya Los Tarantos, 1963, hadithi ya wapenzi wa koo mbili za Wagitano zinazochukiana, iliyochezwa Barcelona. Ndani yake yumo Carmen Amaya, mwanamke mkubwa kuliko wote katika densi hiyo, ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa figo na akafariki Novemba mwaka huohuo. Gades ana sehemu ndogo tu. Lakini ipo dakika moja ambayo kwangu mimi inatosha filamu nzima: ni usiku wa baridi kwenye barabara ya La Rambla, meza za mikahawa ziko nje, wafagizi wanaosha barabara kwa mipira ya maji, na yeye anacheza katikati ya maji yale akiwa na koti la kawaida, kama mtu aliyetoka kazini akakumbuka jambo. Hakuna jukwaa, hakuna mavazi ya madoadoa. Lami imelowa na inang'aa. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa najifunza kwa mwalimu aliyetaka tucheze kwa kutoa meno muda wote. Nilirudi darasani wiki iliyofuata nikaufunga mdomo wangu.

Wakati huo Hispania ilikuwa inauza flamenko kwa watalii kwa nguvu zote: gauni la madoadoa, ua kichwani, kelele, tabasamu. Serikali ya Franco ilipenda sura hiyo, maana nchi inayocheka haiulizwi maswali. Ukijua hilo, kule kukataa kwa Gades kupamba mambo kunapata maana nyingine. Kila pambo aliloliondoa alikuwa anamrudishia heshima mtu maskini aliyeianzisha densi hiyo.

Kazi iliyomweka mahali pake ni Bodas de sangre, yaani Harusi ya Damu, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Roma, Aprili 1974. Ni tamthilia ya Lorca ya mwaka 1933, naye Lorca aliijenga juu ya kisa cha kweli kilichotokea karibu na Níjar, mkoa wa Almería, mwaka 1928: bibi harusi anatoroka na mwanaume mwingine siku ya harusi yake, na damu inamwagika. Gades aliitengeneza densi hiyo kwa msaada wa mwandishi Alfredo Mañas, yuleyule ambaye tamthilia yake ndiyo iliyozaa Los Tarantos. Walichofanya wawili hawa ni cha kujifunza, hasa kwako. Tamthilia ina matendo matatu, ina wakata kuni wanaosema, ina Mwezi na Mauti wanaotembea msituni kama watu. Vyote hivyo vikaenda. Yakabaki maonyesho sita, yasiyofika saa moja: mama anamvisha mwanawe nguo za harusi na kukuta kisu, mke anambembeleza mtoto huku mume, Leonardo, ambaye ndiye atakayetoroka na bibi harusi, akiwaza kwingine, harusi, kutoroka, pambano, na bibi harusi aliyebaki peke yake.

Sasa sikiliza hili. Katika tamthilia ya Lorca, wanaume wawili wanauana nje ya jukwaa. Mtazamaji anasikia mayowe mawili tu. Gades aliichukua sehemu hiyohiyo iliyofichwa akaiweka katikati, mbele ya macho, kisha akaondoa muziki wote.

Bwana harusi na Leonardo wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na kisu. Gitaa limenyamaza. Wanaanza kupigana kwa mwendo wa mkanda uliopunguzwa kasi. Kisu kinakwenda tumboni kama kinapita kwenye maji mazito. Mwenzake anajikunja kukikwepa, polepole vilevile, goti linashuka, mgongo unalala nyuma, mkono wa pili unakwenda kutafuta mizani hewani. Husikii kitu ila viatu vinavyokwaruza mbao na pumzi za watu. Jaribu wewe mwenyewe nyumbani. Chukua hatua moja ya kurukia mbele na uifanye kwa mapigo 12. Utagundua kwamba hakuna pa kujificha: paja linatetemeka, kisigino kinataka kushuka kabla ya wakati, macho yanataka kuangalia chini. Wale wanafanya hivyo kwa dakika kadhaa, wawili, kwa wakati mmoja, bila pigo lolote la kuwaongoza kutoka nje. Mzunguko uko ndani yao. Mwishoni visu vyote viwili vinafika, na wanaanguka kwa taratibu ileile. Anabaki bibi harusi na mikono yenye damu anayoipitisha juu ya gauni lake jeupe.

Leonardo ni Gades. Bwana harusi ni Juan Antonio Jiménez. Bibi harusi ni Cristina Hoyos wa Sevilla, aliyeungana na Gades mwishoni mwa miaka ya 1960 na kucheza naye kwa karibu miaka ishirini. Usimchukulie Cristina kama kivuli. Mikono yake ndiyo mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona katika densi hii, na ukimya wa Gades usingesikika vile kama pembeni yake asingekuwapo mwanamke anayeweza kuujaza. Baadaye alianzisha kikundi chake mwenyewe, na mwaka 1992 alicheza kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Barcelona.

Kuna kipengele kingine katika harusi ile ninachokipenda: wageni wote wanajipanga kupigwa picha. Wanatulia kabisa, mama na nguo zake nyeusi, maharusi katikati, na kwa muda mfupi hakuna anayetikisika. Kila nikifika hapo namuwaza yule mtoto wa miaka 11, tarishi wa studio, akitazama familia za watu zikiambiwa zisitikisike.

Mwaka mmoja baada ya Bodas de sangre, Gades alifanya jambo ambalo halihusu hatua za densi, na ndani yake yumo Gades mzima. Septemba 27, 1975, serikali ya Franco iliwaua kwa risasi wapinzani watano. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa utawala ule kuua kwa hukumu. Gades alikuwa Italia na kikundi chake, kazi ziko tele, tiketi zinauzwa. Alipopata habari alikivunja kikundi, akaacha kucheza. Alikuwa na miaka 38, umri ambao mchezaji hawezi kuchezea hata msimu mmoja. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona hawezi kupanda jukwaani kama balozi wa nchi inayofanya vile, akakaa chini.

Aliyemnyanyua ni Alicia Alonso, malkia wa baleti wa Kuba, aliyemwambia kwamba kazi yake ni kucheza. Akacheza na kikundi chake cha Havana, mpaka ndani ya Giselle, baleti ya Kifaransa kabisa. Tangu hapo Kuba ikawa nyumbani kwake kwa pili. Gades alikuwa mkomunisti na hakuwahi kulificha hilo. Mwaka 1982 alifunga ndoa huko na Pepa Flores, yule aliyekuwa nyota mtoto wa filamu za Hispania kwa jina la Marisol, na wasimamizi wa ndoa walikuwa Alicia Alonso na Fidel Castro. Walizaa mabinti watatu, kisha wakaachana. Mambo yake ya ndoa magazeti yameshayaandika vya kutosha, mimi sina la kuongeza.

Franco alikufa Novemba 1975. Mwaka 1978 serikali mpya ilipounda kikundi cha taifa cha densi ya Kihispania, Gades ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka 1980 akaondolewa. Wachezaji wengi waliondoka pamoja naye, wakaacha mshahara wa serikali, wakaunda kikundi huru ambacho hakikuwa na fedha. Wewe unayeishi kwa kikundi unajua uzito wa uamuzi kama huo mwisho wa mwezi.

Ni katika ukata huo ndipo mtayarishaji wa filamu Emiliano Piedra alipomleta mwongozaji Carlos Saura kuangalia mazoezi ya Bodas de sangre. Saura aliona kile ambacho sisi tunaocheza tunakijua, kwamba zoezi mara nyingine ni zuri kuliko onyesho, na akapiga filamu ya mazoezi yenyewe: wachezaji wanafika, wanajipaka rangi usoni mbele ya vioo, wanajinyoosha, kisha wanacheza kazi yote katika ukumbi mtupu wenye mwanga wa madirishani. Hiyo ni ya 1981. Ya pili ni hiyo Carmen yako, 1983, iliyoingia kugombea tuzo ya Oscar. Ya tatu ni El amor brujo, 1986.

Kuhusu Carmen niseme moja tu, kwa sababu limo katika swali lako. Umeona Gades anasimama wakati wengine wanapiga miguu. Lakini katika filamu ile yeye ni mtunzi wa densi anayetengeneza kazi. Kazi yake ni kutazama. Angalia namna anavyomtazama Laura del Sol, yule anayecheza Carmen, kwenye kioo. Na angalia wale kina mama wa kiwanda cha sigara, wanavyopiga meza kwa viganja na kwa vifundo vya vidole mpaka meza zinakuwa ngoma: hiyo ni Gades pia. Kila kisigino unachokisikia pale amekiweka yeye. Alijinyima ili kundi liwe na sauti. Na usikose ile sherehe ambapo wazee na kina mama wanene wanacheza. Katika densi nyingi za jukwaani watu hao hawapo. Kwake wamo, kwa sababu kwao ndiko ilikotoka.

(Neno la pembeni: katika filamu Cristina Hoyos anaambiwa hafai kuwa Carmen, umri umepita. Kwenye onyesho la jukwaani lililofunguliwa Paris mwaka huohuo wa 1983, aliyecheza Carmen ni yeye. Roho yangu hutulia nikilikumbuka hilo.)

Kazi yake kubwa ya mwisho ni Fuenteovejuna, Genoa, Desemba 1994, kutoka tamthilia ya Lope de Vega, mwandishi wa Hispania wa zamani. Mwaka 1476 wanakijiji wa mkoa wa Córdoba walimuua bwana aliyewatesa, na walipoteswa ili wamtaje muuaji, kila mmoja alijibu kwa jina la kijiji: ni Fuenteovejuna. Safari hii karibu hakuna mcheza-mkuu. Kijiji ndicho kinachocheza, na Gades alichota ngoma za mikoa mbalimbali ya Hispania, nyingi si flamenko kabisa, ngoma za watu wanaopura nafaka na kufua. Nadhani alikuwa anaelekea huko tangu zamani.

Alipenda bahari, na kwa mashua yake ya matanga alivuka Atlantiki mpaka Kuba. Saratani ilimchukua Madrid tarehe 20 Julai 2004, akiwa na miaka 67. Majivu yake yamezikwa mashariki mwa Kuba, kwenye makaburi ya wapiganaji wa mapinduzi. Kikundi kinachobeba jina lake kinaendelea kuzicheza kazi zake nne au tano. Hakuacha nyingi zaidi ya hizo, na hilo nalo linaendana na yeye.

Sasa kikundi chenu. Usianze kwa kuiga flamenko, mwanangu. Itachukua miaka kumi na ngoma zenu zitakuwa zinakungoja nyumbani. Chukua hadithi ambayo watu wa Tanga wanaijua tayari, ili usilazimike kuieleza. Iandike yote kwa maneno. Kisha fanya kama walivyofanya Gades na Mañas: futa kila mtu ambaye hadithi inaweza kwenda bila yeye, mpaka ubaki na maonyesho sita ambayo kila moja lina tendo moja tu. Mama anakuta kisu. Basi. Mtazamaji ameshaelewa jioni itaishaje, na hakuna aliyefungua mdomo. Kisha tafuta mahali ambapo wasimuliaji wenu huwa wanaruka kwa aibu au kwa haraka, kama Lorca alivyolificha pambano, na hapo ndipo muweke muda wenu mwingi. Mpiga ngoma mwambie anyamaze kwa mzunguko mzima. Wachezaji watalalamika kwamba wamepotea. Wape wiki mbili.

Na wewe binafsi, kabla hujalala leo, simama mbele ya kioo, miguu chini, nyonga zimetulia. Hesabu 12 kimoyomoyo mara nne bila kutikisika. Mara ya tano, kwenye pigo la 10, inua mkono wa kulia. Mwambie mdogo wako akae pembeni akutazame, kisha umuulize ni saa ngapi alianza kuungoja ule mkono.